Ngozi ya mlima na mkono wa mshika nozeli

Chota konzi moja ya mchanga kwenye lundo, uufumbate kwa nguvu, kisha fumbua mkono. Ukimwagika papo hapo kama unga wa sembe, ni mkavu mno. Ukibaki donge gumu na kiganja kimelowa chepechepe, umezidi maji. Unaotakiwa ni ule unaoshikana, lakini ukiusukuma kwa kidole unapasuka vipande viwili vitatu, na kiganja kinabaki na unyevu tu. Nilifundishwa kipimo hicho nikiwa saidia fundi, miaka mingi kabla sijaanza kuandika magazetini, na mpaka leo nikipita penye lundo la mchanga mkono unaniwasha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya zege la kupuliza. Waliopita migodini wanaliita shotikriti. Zege tulilolizoea humiminwa ndani ya mbao, likashindiliwa, likasubiriwa. Hili husafiri ndani ya mpira mnene likisukumwa na upepo wa kompresa, likatoka kwenye nozeli na kujibamiza kwenye mwamba, ukuta au udongo, na kasi hiyo ndiyo inayolishindilia. Hakuna mbao wala mashine ya kutikisa zege. Kuna mtu mmoja ameshika nozeli, na kila kosa lake linaganda mbele ya macho yake.

Sasa turudi kwenye konzi. Mchanga mkavu mno ukiingia kwenye mashine unafuka vumbi, na kila aliye karibu analivuta. Wenye maji mengi unanata njiani, mpira unaziba, presha inajaa nyuma ya kizibo. Kwa hiyo konzi moja inapima ubora wa zege, mapafu ya vibarua na usalama wa mpira, vyote kwa mkupuo mmoja. Katika kazi hii sijaona bado mahali ambapo ubora na usalama vimepeana kisogo, ingawa maofisini kila kimoja kina faili lake na mtu wake.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya Mlima Hanang, hapa mkoani Manyara. Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani yakapita Katesh, Gendabi na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi. Alikatisha safari akarudi. Maelezo ya Serikali yalikuwa kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikameguka, ikawa tope. Tangu hapo nimeulizwa zaidi ya mara moja, na watu wenye akili zao timamu, kwa nini mlima usipigwe zege tu yakaisha.

Haiwezekani, na anayekuambia inawezekana anatafuta tenda. Hanang ni volkano ya zamani yenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Tope lililoanza kutembea huko juu na mawe tumboni mwake halizuiwi na ganda la sentimita 10. Hapo mazungumzo ni ya mahali watu wanapojenga, njia za maji, misitu na onyo la mapema. Zege la kupuliza lina ukubwa wake: mteremko uliokatwa kupitisha barabara, ukingo ulio nyuma ya darasa, mfereji unaokula kingo zake, tangi la maji linalovuja, handaki, mgodi. Kazi za aina hiyo hazikosekani huku kwetu. Barabara ya kutoka Dareda inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Dongobesh na Mbulu, na kila unapokata kilima kupitisha gari unaacha kidonda.

Na hata hapo, ganda hilo ni ngozi. Mfupa ni kitu kingine: vyuma virefu vilivyochimbiwa ndani ya udongo au mwamba, na matandiko ya waya au nondo yaliyofungwa kwenye vyuma hivyo. Ngozi kazi yake ni kuzuia uso usichubuke, usikauke ukapasuka, wala jiwe dogo lisichomoke likafungua njia kwa kubwa. Ukiipa ngozi kazi ya mfupa, mvua ya kwanza itakuja na jibu.

Habari ya ngozi inanikumbusha aliyeibuni mashine yenyewe, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ngozi hasa. Carl Akeley alikuwa Mmarekani wa kujaza wanyama waliokufa ili wasimame makumbushoni kama wazima. Mwaka 1907, akiwa kwenye makumbusho ya Field mjini Chicago, kuta za nje za jengo zilikuwa zinabanduka lipu. Akatengeneza mashine ya kupuliza saruji kwa upepo, na mwaka 1911 akapata hataza yake. Katikati ya mambo hayo alikuwa akija Afrika Mashariki kuwinda tembo wa kupeleka Chicago na New York. Mwaka 1910 tembo mmoja wa Mlima Kenya nusura amuue. Alifariki mwaka 1926 kwenye miteremko ya Mlima Mikeno, mashariki mwa Kongo, akazikwa huko huko, ndani ya hifadhi ya sokwe aliyokuwa ameipigania na ambayo leo tunaiita Virunga. Hivyo bwana wa zege la kupuliza amelala kwenye mteremko wa volkano, ukanda wetu huu huu.

Mashine zimekua tangu enzi zake, ila njia zimebaki mbili. Katika njia kavu, mchanga na saruji vinachanganywa bila kumwagiwa maji, vinasukumwa na upepo, na maji yanaingia kwenye nozeli, mshika nozeli akiyapima mwenyewe kwa koki. Katika njia ya maji, zege linakuja tayari limekorogwa, pampu inalisukuma, na upepo unaongezwa mwishoni ili kulirusha. Migodi mikubwa ya chini ya ardhi, ya aina ya Bulyanhulu na Geita, huendesha kazi hii kwa mashine zenye mkono wa chuma, mwendeshaji akiwa amesimama mbali. Kwenye mahandaki kama yale manne ya reli ya kisasa kati ya Morogoro na Makutupora, yenye jumla ya kilomita zipatazo 2.6, zege la namna hii ndilo huwa nguo ya kwanza ya mwamba uliotoka kulipuliwa. Lakini mkandarasi mdogo anayekuja kuziba ukingo wa mfereji Mbulu atakuja na kompresa ya kukokotwa, mashine kavu na vijana kumi. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya njia kavu na kwa ajili ya hao vijana.

Wengi watakuwa deiwaka waliokusanywa asubuhi, na nusu yao ni mafundi wa lipu. Hiyo ni heri. Fundi wa lipu anajua kurusha udongo kwa mwiko ukanata, anajua ukuta mkavu unavyonyonya maji ya lipu ukaiacha mfu. Ujuzi huo unahamia hapa wote. Kabla ya kupuliza, uso unasafishwa: udongo uliolegea, majani, mizizi, vumbi, vyote vinatoka kwa upepo na maji. Kisha unaachwa na unyevu bila maji kusimama juu yake. Anayeanza kusafisha anaanza juu kwenda chini, na kwanza anaugonga mwamba kwa mtaimbo akisikiliza. Jiwe lililokaa vizuri linalia kwa sauti kali. Lililoachana na mwenzake linatoa sauti nzito ya mtungi. Hilo linaangushwa kwanza, mtu akiwa amesimama pembeni, kamwe si chini yake. Vijana wengi huumia katika hatua hii, kabla hata kompresa haijawashwa, kwa sababu wanaiona ni kazi ya ufagio tu.

Matandiko ya waya yanafungwa imara, yasitikisike. Waya ukicheza, zege linalojibamiza juu yake linaacha mwanya nyuma, na mwanya huo hauonekani kwa macho. Wakati huo huo yanawekwa mabomba ya kutolea maji, ya plastiki, yakipenya kutoka nyuma ya ganda hadi nje, yakiinamia nje kidogo. Midomo yake inazibwa kwa kitambaa au karatasi ili zege lisiingie. Zingatia hicho kitambaa, nitakirudia.

Mabomba haya ni jambo ambalo Mbulu haihitaji kufundishwa na mtu. Wakulima wa Kainam wamelima miteremko mikali vizazi na vizazi kwa matuta na mifereji, wakiyatoa maji shambani bila kuyaacha yaondoke na udongo. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima, paa la udongo likalingana na mteremko, na huwezi kulala ndani ya kilima bila kujua maji yake yanapita wapi. Hesabu yake ni nyepesi: maji yakijaa nyuma ya ukuta kwa kina cha mita 1, pale chini yanausukuma kwa uzito wa takriban tani 1 kwa kila mita moja ya mraba. Yakifika mita 3, ni tani 3. Ngozi ya sentimita 10 haijaumbwa kubeba hayo.

Mchanganyiko nao una saa yake. Mchanga una unyevu, na saruji ikishaugusa imeanza kufanya kazi hata kama hujaona tone la maji. Mchanganyiko uliopita dakika 45 au zaidi kidogo, hasa kwenye jua, hautumiki, na kuurudishia maji ni kujidanganya. Mchanga wa korongoni unaochotwa na trekta unaweza kuwa na udongo mwingi. Tia kwenye chupa ya glasi, ongeza maji, tikisa, uache utulie, utaiona tabaka ya udongo imekaa juu ya mchanga. Ikiwa nene, rudisha trekta.

Sasa mshika nozeli. Anasimama imara, miguu imeachana, nozeli ikiutazama ukuta uso kwa uso, umbali wa kama mita 1 hadi 1.5. Anaanza chini kupanda juu, akizungusha mkono kwa miduara midogo. Akiinamisha nozeli, au akisogea mbali, zege linaruka badala ya kunata. Mafundi wanaita ribaundi, kama ya mpira wa kikapu. Katika njia kavu ribaundi inaweza kula robo ya mali yote kwenye ukuta wa wima, na zaidi unapopuliza darini. Maana yake katika kila toroli nne za mchanganyiko moja inaweza kuishia chini, na hapo ndipo bosi anapokumbuka methali ya haba na kibaba, anaamuru yaliyomwagika yachotwe yarudishwe kwenye mashine. Hayarudishwi. Kinachoruka zaidi ni kokoto na mchanga mkubwa. Ukikipuliza tena unapata zege la changarawe lisilo na nguvu. Mbaya zaidi ni kuyaacha yalale kwenye pembe na nyuma ya nondo, kisha ukayafunika kwa zege zima. Ndiyo maana pembeni ya mshika nozeli husimama mwenzake na mpira wa upepo mtupu, kazi yake ikiwa kufukuza ribaundi tu. Mkandarasi bahili humwondoa huyo kwanza. Ukifika saiti ukamkosa, una haki ya kuwa na mashaka na vingine vyote.

Siku ya kwanza niliyopewa nozeli nilikuwa na miwani ya jua. Kokoto iliyoruka ilivunja kioo cha kushoto na kunikata juu ya nyusi. Ingeshuka sentimita 2 ningekuwa naandika haya kwa jicho moja. Tangu siku hiyo naheshimu ngao ya uso mzima. Glovu ziwe ndefu, gambuti, shati la mikono mirefu lililofungwa shingoni. Saruji mbichi haichomi kama moto. Inakula ngozi taratibu, haiumi mpaka jioni unapovua soksi na kukuta kifundo cha mguu kimechunika. Ikikurukia mwilini ni maji mengi, hapo hapo, kabla ya chai. Na jicho likiingiwa, linasuuzwa kwa maji safi kwa dakika 20 huku gari la kwenda hospitali likitafutwa. Kama kuna dawa ya kuharakisha kuganda inayochanganywa, yasomwe maandishi yake kabla ya kufunguliwa, kwa kuwa baadhi yake ni kali kuliko saruji yenyewe.

Vumbi linanisumbua zaidi kwa kuwa halina damu. Mchanga una silika, na ile chembe inayoua ni ndogo kuliko unayoiona ikielea juani. Ikifika ndani ya pafu inalikwaruza na kuliacha na makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na unakifungulia mlango kifua kikuu. Wachimbaji wa Mererani, mkoani hapa hapa Manyara, wanaujua vyema. Kitambaa puani hakisaidii kitu, wala ile barakoa nyepesi iliyobaki enzi za Uviko. Inatakiwa yenye chujio halisi, iliyokaa sawasawa usoni, na mwenye ndevu nyingi ajue kwamba ndevu zinaipitisha hewa pembeni. Upepo nao utazamwe: mashine iwekwe mahali ambapo vumbi lake litapeperushwa mbali na watu. Lakini dawa ya kwanza ya vumbi ni ile konzi ya mchanga wenye unyevu wa kutosha, pamoja na maji ya kutosha kwenye nozeli.

Halafu mpira. Mpira uliojaa presha ukichomoka kwenye kiungo unacharaza kama nyoka aliyekanyagwa mkia, na una chuma mdomoni. Kila kiungo kifungwe waya au mnyororo wa usalama unaovuka pande zote mbili, ili kikiachia mpira usiende popote. Mpira unyooshwe, usikunjwe kona kali, usikanyagwe na toroli. Ukiziba, ndipo unapoona nani ni fundi. Asiye fundi anaongeza upepo ili kizibo kitoke. Kinatoka kweli, kama risasi, na Mungu amsaidie aliye mbele ya nozeli. Fundi anasimamisha mashine, anafunga upepo, anatoa presha yote, anaitazama geji mpaka isome sifuri, ndipo anautembelea mpira akiugandamiza kwa mguu kutafuta palipo pagumu. Hakuna kiungo kinachofunguliwa geji ikiwa bado inaonyesha kitu, hata kidogo. Na kwa kuwa kompresa inavuma kiasi kwamba huwezi kumsikia jirani yako, na masikio yamezibwa kama inavyopasa, ishara za mikono zikubaliwe asubuhi kabla ya kuwasha: ya kuanza, ya kusimama, ya kufunga upepo. Nimeona kazi moja ambapo ishara ya kusimama ya huyu ilikuwa ya kuongeza ya yule.

La mwisho katika hatari ni lile linaloonekana limekwisha. Zege lililotoka kupulizwa juu ya kichwa chako linapendeza, limetulia, na kivuli chake ni kitamu saa sita mchana. Kipande cha mita 1 ya mraba chenye unene wa sentimita 5 kina uzito wa kilo 120 hivi, zaidi ya mifuko miwili ya saruji. Kinaweza kuanguka bila kutoa sauti. Pawekwe utepe, na asipite mtu mpaka msimamizi apime na kuruhusu. Pasiliwe chakula hapo.

Sheria ipo. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga, na OSHA ndiyo inayoisimamia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa sheria ya mwaka 2008. Shida ni deiwaka. Jina lake liko kwenye daftari la mistari, analipwa jioni, kesho hayupo. Silikosisi inakuja miaka kumi baadaye, na hilo daftari limeshafungiwa maandazi.

Zege likishashika linamwagiliwa siku 7, asubuhi na jioni, na kipindi cha upepo mkavu linafunikwa magunia mabichi. Kisha unachukua nyundo ndogo ukaligonga hatua kwa hatua. Zege zima linalia kama jiwe. Penye mwanya panalia kama debe, na hapo panakatwa, panapulizwa upya. Kwenye kazi ya kueleweka huwa kuna pia sanduku la mbao lililopulizwa siku ya kwanza kama sampuli, likaganda, likapasuliwa ili macho yaone kama nondo zimekumbatiwa au kuna mapango nyuma yake. Mshika nozeli asiyefaulu sanduku hapewi ukuta.

Msimu mmoja wa masika nilipita kwenye ukuta mdogo uliopulizwa huku juu Mbulu, nyuma ya jengo moja. Nilikuwa sihusiki nao, nilisimama kukwepa mvua tu. Mabomba yalikuwa tisa, mstari wa chini. Nane yalikuwa yanatiririsha maji. La tisa lilikuwa kavu, na kuzunguka mdomo wake zege lilikuwa limeanza kutoa jasho na ufa mwembamba kama unywele. Niliingiza vidole viwili, nikagusa kitu laini. Nilivuta, kikatoka kipande cha fulana ya kijani, kile kitambaa ambacho saidia fundi alizibia siku ya kupuliza na hakuna aliyekumbuka kukitoa. Maji yalinirukia kifuani, mekundu, yakaendelea kumwagika kwa nguvu mpaka mvua ilipokatika, na nilipoondoka yalikuwa bado yanatoka.